Nimetakiwa nithibitishe hesabu ya siku ya mwisho

SWALI

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi hapa Morogoro, na mke wa fundi seremala ambaye watu wamemjua kwa miaka mingi kwa vitanda na makabati yake. Tumejaliwa watoto watatu, mkubwa akiwa binti aliye kidato cha nne. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili siwezi kumpelekea mchungaji wa kanisa tulilofungia ndoa, ambaye mume wangu amekwisha kumwita kipofu, wala siwezi kuwapelekea wakwe, kwa kuwa nusu yao wako upande huohuo.

Tangu mama mkwe alipofariki, mume wangu amekuwa akisali na kikundi kidogo kinachokutana majumbani, na mwaka huu kimekuwa kikikutana sebuleni kwetu kila Jumatano na Jumamosi usiku. Kiongozi wake tunamwita mtumishi. Ni mtu mpole, hapazi sauti, Maandiko anayajua kwa moyo, na wakati wa msiba alikaa na mume wangu usiku kucha huku sisi wengine tukihangaika na maturubai na sufuria za matanga. Nayasema haya ili usimchukulie kuwa tapeli wa kituo cha basi.

Miezi mitatu iliyopita alikuja na karatasi ya manila iliyoandikwa kwa kalamu za rangi. Upande wa kushoto kulikuwa na mwaka wa tukio moja la Agano la Kale, katikati zikapangwa saba na arobaini zikizidishana mara kadhaa, na chini kabisa, ndani ya duara jekundu, ikaandikwa tarehe iliyo mwishoni mwa mwezi ujao. Akaniambia mbele ya wote, "Mwalimu, hebu tukagulie kama tumezidisha vizuri." Nikachukua penseli. Kwenye mstari wa pili walikuwa wamebeba mara mbili, nikasahihisha, na jibu likapungua kwa siku zaidi ya ishirini. Nilidhani tarehe itabadilika. Mtumishi akatazama karatasi kwa muda, akasema zilizopungua ni siku za neema, akaziongeza chini, na tarehe ikabaki ndani ya duara lake. Akaniuliza kama sasa kuzidisha ni sahihi. Nikajibu kwamba kuzidisha ni sahihi. Akawageukia watu akasema, "Mmesikia. Mwalimu wa hesabu amethibitisha." Wakaitikia amina, nami nikarudi kukaa.

Tangu usiku ule neno hilo limetembea mtaa mzima. Mume wangu ameacha kupokea kazi mpya, na kuna mteja aliyetanguliza nusu ya fedha ya kitanda ambaye amekuja mara mbili na kukuta karakana imefungwa. Kiwanja chetu kidogo, tulichokinunua kwa kujinyima, anataka kukiuza ili fedha ipelekwe kwenye kazi ya kuwaonya watu. Mchango wa kambi ya masomo ya binti yetu amekataa kuutoa kwa sababu, anasema, matokeo hayatatoka. Jirani yangu mmoja, mjane anayeuza vitumbua, ametoa hisa zake zote kwenye kikoba akazipanda kama mbegu, na nilipomuuliza kulikoni aliniambia, "Si wewe mwalimu uliyesema hesabu iko sawa?"

Wiki iliyopita binti yangu aliniuliza tukiwa wawili jikoni, "Mama, na wewe unaamini?" Nikamjibu kwamba baba yake ndiye kichwa cha nyumba. Aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau.

Sasa mtumishi ameandaa mkesha mkubwa, na ametangaza kwamba nitasimama kuwaeleza watu hesabu hiyo kwa ubao na chaki. Mimi siamini tarehe ile. Naamini Mungu, ila tarehe siiamini. Naomba unisaidie mambo matatu. Je, naweza kukaa kimya, nisithibitishe wala nisipinge, ili nyumba yangu isivunjike, maana tarehe yenyewe itapita na kila mtu ataona? Kama ni lazima niseme, nimwambie vipi mume wangu bila kuidharau imani yake? Na je, kwenda serikali ya mtaa kueleza haya ni kumsaliti?

Ni mimi, Mwalimu, Morogoro.

JIBU

Marahaba, mwalimu.

Kwenye ule mkesha usisimame na chaki. Hilo nalitanguliza kwa sababu halihitaji mjadala. Ugumu uko kwenye hicho kimya unachokitafuta, kwa kuwa nakiona kama kitu ambacho huna tena. Mtu ambaye hajaulizwa anaweza kunyamaza na kunyamaza kwake kusiwe na maana yoyote. Wewe uliulizwa, ukajibu neno la kweli kuhusu kuzidisha, na neno lako likachukuliwa likapewa maana nyingine mbele ya macho yako. Kuanzia hapo, kila siku unayonyamaza, lile neno "amethibitisha" linaendelea kufanya kazi kwa jina lako, na limekwisha kufika kwenye hisa za mjane. Hukusema uongo, lakini kuna uongo unaotembea mtaani ukiwa umevaa ualimu wako, na hakuna mtu mwingine anayeweza kuuvua isipokuwa wewe.

Turudi kwenye ile karatasi, maana umeandika jambo kubwa ukalipita kama dogo. Uliposahihisha mstari wa pili, jibu lilipungua kwa siku zaidi ya ishirini, na tarehe haikusogea hata kidogo. Katika darasa lako, mwanafunzi ambaye jibu lake halibadiliki hata anaposahihishiwa njia unamjua: amelinakili jibu kwanza, kisha akatafuta njia ya kulifikia. Zile siku za neema hazikutoka kwenye Biblia wala kwenye hesabu. Zilitoka kwenye duara jekundu. Hilo ndilo ulilolishuhudia wewe kwa macho yako, na kama kuna ushuhuda unaoweza kuutoa kwa dhamiri safi, ni huo.

Mtumishi wenu si wa kwanza. Huko California, Marekani, alikuwako mhandisi wa ujenzi aitwaye Harold Camping, aliyeendesha kituo cha redio ya Kikristo kiitwacho Family Radio, na aliyetangaza ulimwenguni kote kwamba hukumu itaanza tarehe 21 Mei 2011. Hesabu yake naamini ungependa kuiona. Alichukua 5 kuwa namba ya upatanisho, 10 kuwa ya ukamilifu na 17 kuwa ya mbingu, akazizidisha akapata 850, akazidisha 850 kwa yenyewe akapata 722,500, akasema hizo ndizo siku zilizopo kati ya tarehe 1 Aprili ya mwaka 33, aliyoiita siku ya kusulubiwa, na hiyo 21 Mei 2011. Kuzidisha ni sahihi kabisa, kagua mwenyewe. Lakini ukichukua miaka 1,978 kwa siku 365.2422 kila mwaka, unapata 722,449 na ushei, zinabaki 51, na kutoka 1 Aprili hadi 21 Mei ni siku 50 tu, isipokuwa kama unahesabu siku ya kwanza na ya mwisho pamoja. Na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hakuna mahali popote katika Maandiko palipoandikwa kwamba 17 ni namba ya mbingu, wala kwamba namba hizo zizidishwe badala ya kujumlishwa, wala kwamba zizidishwe mara mbili. Hata siku ya kusulubiwa wanazuoni hawajakubaliana, wengi wao wakisimama kati ya mwaka 30 na mwaka 33. Mtu akiruhusiwa kuchagua mwanzo, kuchagua namba na kuchagua alama ya kuziunganisha, anaweza kufika tarehe yoyote anayoitaka, hata siku yako ya kuzaliwa.

Kabla yake, katika jimbo la New York, William Miller, mkulima wa Kibaptisti, alizichukua zile siku 2,300 za Danieli sura ya 8 akazifanya miaka, akaanza kuhesabu mwaka 457 kabla ya Kristo, akafika kwenye mwaka 1843. Baadaye ilionekana kwamba kati ya mwaka 1 kabla ya Kristo na mwaka 1 baada yake hakuna mwaka sifuri, kwa hiyo hesabu ikasogea hadi 1844, na wafuasi wake wakasimama kwenye tarehe 22 Oktoba. Wako wakulima walioacha mazao shambani bila kuyavuna, kwa sababu kuvuna kungekuwa ni kukiri kwamba wana shaka. Tarehe ikaja, jua likazama, likachomoza. Miller kwa watu waliomjua alikuwa mcha Mungu na mnyoofu, na hapa ndipo ninapotaka uwe mwangalifu na upole wa mtumishi wenu: mtu anaweza kuamini kwa moyo wake wote na akawa amekosea kwa kila tarakimu. Huna haja ya kuamua kama ni tapeli ndipo ukatae tarehe yake. Yatenganishe hayo mawili, na utaona hata mazungumzo na mume wako yanakuwa mepesi, kwa kuwa hutakuwa unamshambulia mtu aliyemfariji msibani.

Umeandika, "Naamini Mungu, ila tarehe siiamini," kana kwamba unaomba radhi. Usiombe. Mathayo 24:36 inasema kwamba habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake. Kwa hiyo kati yako na mtumishi, anayesimama karibu na aya hiyo ni wewe unayesema hujui. Paulo naye, katika waraka wa pili kwa Wathesalonike, aliwaandikia watu waliokuwa wamefadhaishwa na maneno kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na katika waraka huohuo akalazimika kuwakemea wasiofanya kazi. Jirani zako Waislamu watakuambia vivyo hivyo: katika sura ya Al-A'raf Mtume anaambiwa kwamba elimu ya Saa iko kwa Mola peke yake, na katika Hadithi kuna agizo kwamba mtu akikutwa na Kiyama ilhali ana mche mkononi, basi kama anaweza aupande. Shaka yako juu ya karatasi ya manila haikutoi nje ya dini. Ni kukataa tu kusema unajua jambo usilolijua, na tabia hiyo dini zote mbili zimeihimiza tangu hapo kale, ingawa, lazima niseme, wahubiri wengi wa video za simu wangefilisika kama ingefuatwa. Mwaka 2025 mtu mmoja wa Afrika Kusini alitaja tarehe 23 na 24 Septemba, video zikasambaa bara zima na kwingineko, na wako walioacha kazi na kuuza mali.

Umesema tarehe yenyewe itapita na kila mtu ataona. Hapo sikubaliani nawe, na ndiyo sababu kubwa ya kukuambia usingoje. Tarehe ikipita, watu hawaoni kwa urahisi hivyo, kwa sababu aliyeuza kiwanja chake ana kila sababu ya kutotaka kuona. Camping, 21 Mei ilipopita, alisema hukumu imekuja kiroho, haikuonekana kwa macho, na kwamba mwisho wenyewe ni 21 Oktoba mwaka huohuo. Ilipopita na hiyo, ndipo Machi 2012 akaandika barua kukiri kwamba alikosea na kwamba kutaja tarehe ilikuwa dhambi. Ni jambo la kiungwana na wachache wamelifanya, ila barua ile haikumrudishia mtu akiba aliyokwisha kuitoa.

Njia nyingine ya kuikwepa tarehe iliyopita ni kuwalaumu wasioamini, na hii inakuhusu wewe moja kwa moja. Mwaka 1856, katika nchi ya Waxhosa huko Afrika Kusini, ng'ombe wakifa kwa homa ya mapafu iliyoletwa na mifugo kutoka Ulaya na ardhi ikinyang'anywa na Waingereza, msichana mdogo aitwaye Nongqawuse alisema amekutana na wazee waliokufa, nao wameagiza ng'ombe wote wachinjwe na mazao yaharibiwe, ndipo wafu wafufuke na ng'ombe wapya watoke ardhini. Kila siku iliyotajwa ilipopita bure, lawama iliwaangukia wachache waliokataa kuchinja: wao ndio wanaozuia. Hivyo kuchinja kukazidi badala ya kupungua, hadi siku kuu ya mwisho, 18 Februari 1857, nayo ikapita. Inakadiriwa kwamba ng'ombe wapatao 400,000 walichinjwa na watu wapatao 40,000 walikufa kwa njaa. Kwa hiyo jiandae. Ukisema ukweli sasa, utalaumiwa. Ukinyamaza, tarehe ikapita, na mtu akakumbuka kwamba mwalimu aligusa mstari wa pili kwa penseli, utalaumiwa vilevile, tena kwa kosa ambalo hukulifanya.

Na kuna njia ya tatu, ambayo sipendi kuiandika lakini huwezi kushauriwa vema bila kuijua. Kanungu, magharibi mwa Uganda, kikundi kilichoitwa Urejesho wa Amri Kumi za Mungu kilikuwa kimetangaza mwisho wa dunia kuwa tarehe 31 Desemba 1999. Ulipoingia mwaka 2000 na dunia ikaendelea, wafuasi waliokuwa wameuza vyao wakaanza kudai mali zao. Tarehe mpya ikatajwa, na tarehe 17 Machi mamia ya watu, watoto wakiwamo, wakateketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa, kisha miili zaidi ikafukuliwa kwenye makaburi ya pamoja. Sisemi sebule yako ni Kanungu. Nasema kipindi cha kukesha nacho si tarehe peke yake, bali pia majuma yanayofuata, wakati mjane wa vitumbua atakapotaka hisa zake.

Sasa, useme vipi. Ningeanza na binti, leo hiihii kama unaweza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuuliza kwa unyoofu na ndiye aliyepewa jibu la kukwepa. Mwambie, "Uliniuliza kama naamini. Siamini ile tarehe. Baba yako anaiamini, nami nampenda na kumheshimu, lakini hesabu ile niliikagua na haifiki hapo." Usimwambie zaidi ya hayo, na usimfanye kuwa mpelelezi wala mshirika wako dhidi ya baba yake. Mchango wa kambi ulipe kwa mshahara wako, na umwambie mume wako kwamba umeulipa. Kulipa kwa siri kungekuwa kukianza upya kimya kilekile kwa mtindo mwingine.

Kwa mume wako usiende na Camping wala Miller wala mimi. Mtu aliyempoteza mama yake na akapata tarehe ambayo atamwona tena hataki kusikia habari za Wamarekani. Tafuta wakati asipokuwa ametoka kwenye sala wala hajiandai kwenda, umpe heshima yake, na umwambie kilichotokea kwenye karatasi kwa maneno machache: "Baba fulani, ile hesabu niliisahihisha, jibu likabadilika, tarehe haikubadilika. Watu wanasema nimethibitisha. Sikuthibitisha, na siwezi kusimama kwenye mkesha kusema nimethibitisha, kwa sababu nitakuwa nimesema uongo kwenye mkutano wa Mungu." Angalia kwamba hapo hujamwambia aache kuamini. Umemwambia unachokijua wewe na usichoweza kukisema wewe, na mume mcha Mungu atapata tabu sana kumwamuru mkewe aseme uongo madhabahuni. Akikasirika, mwache akasirike usiku huo, usiongeze hoja.

Siku nyingine, si siku hiyohiyo, mzungumzie kitanda. Huyo mteja ametoa nusu ya fedha. Kama dunia inaisha mwezi ujao, basi mume wako ana majuma machache ya kulipa deni la mtu kabla ya kusimama mbele ya Hakimu, na kama haiishi, deni liko palepale. Katika hali zote mbili kitanda kinatakiwa kimalizike. Sijaona mwamini wa kweli aliyeweza kulijibu hilo, na faida yake nyingine ni kwamba karakana itafunguliwa, randa itashikwa, na mikono ya fundi ikirudi kazini kichwa nacho hupata mahali pa kutua.

Kuhusu kiwanja, usitie saini. Mwulize kwa upole ni nani anayenunua, na fedha itatumika wapi katika siku zilizobaki. Mnunuzi, kwa kawaida, haiamini tarehe. Kisheria, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kutoa zawadi nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kiwanja kitupu si nyumba, na haki yako juu yake itategemea jinsi kilivyopatikana na jina lililoandikwa, lakini kwa kuwa mlikinunua pamoja kwa kujinyima, tafuta risiti na hati ya mauziano, uziweke mahali unapopajua wewe, na umwone msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa hapo wilayani kabla mnunuzi hajaletwa. Mueleze mume wako wazi kwamba hutakubali kuuza kabla ya ile tarehe, na kwamba mwezi mmoja baada yake mtakaa mlizungumze upya. Kama ana uhakika, kungoja hakumpotezei kitu.

Mjane usimwachie mkutano wala mtu wa kukufikishia salamu. Nenda kwake mwenyewe, asubuhi, wakati anakaanga, ukae kwenye kigoda umwambie kwamba ulichokisahihisha ni kuzidisha tu, kwamba tarehe hukuithibitisha, na kwamba mengine asiyatoe kwa ajili ya neno lako. Huenda akakujibu vibaya. Huenda fedha ikawa imekwenda. Lakini akiujua ukweli mapema, anaweza kwenda kwa mtumishi kuomba mbegu yake irudishwe kabla haijatumika, na anaweza kuwaomba wenzake wa kikoba wamrudishe kwenye mzunguko kabla hawajavunja mwisho wa mwaka. Wewe ukiwa mwanakikundi msemee.

Mtumishi mwambie mwisho, ana kwa ana, mume wako akiwapo, na kabla ya mkesha ili apate nafasi ya kuliondoa jina lako bila kuaibika. Akikubali, basi. Akiendelea kukutaja, utakuwa na haki ya kusimama palepale anapokutaja na kusema sentensi moja: kuzidisha nilikukagua, tarehe sikuithibitisha. Kisha ukae. Sentensi ya pili itageuka mabishano, na mabishano ya usiku katika sebule iliyojaa watu waliofunga siyawezi hata mimi.

Siku ile ikipita, mume wako ataamka akiwa mtu aliyeaibika mbele ya mtaa. Mzuie yeyote nyumbani asimcheke, wakiwamo watoto, na wewe usimkumbushe uliyomwambia. Watu wengi hung'ang'ania tarehe ya pili kwa sababu tu hakuna aliyewafungulia mlango wa kurudi kutoka ya kwanza. Kama bado analia mama yake, na naona analia, huo ndio wakati wa kumwomba mchungaji wenu wa zamani aje kumsalimia, aje kama mfiwa anavyojiwa, bila kutaja tarehe kabisa.

Umeuliza kama kwenda serikali ya mtaa ni kumsaliti. Kwa sasa, ulichoniandikia ni watu wazima wanaosali na kuamini jambo lisilo kweli, na hilo si kosa la jinai. Hata hivyo, yako mambo ambayo yakitokea hutakuwa na muda wa kushauriana na mimi: watoto kuamriwa kufunga au kuachishwa shule, wagonjwa kukatazwa hospitali au dawa, watu kuambiwa wahame waende kukaa porini au mahali pa faragha, au waumini kuzuiwa kuonana na ndugu zao. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ya watu walioelezwa kuwa waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu, na wako ndugu waliokuwa wamepiga kelele mapema. Ukiona mojawapo ya hayo, nenda siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi wa jamii au polisi, na kwa jambo linalomgusa mtoto piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi. Kumwokoa mtoto wa mume wako si kumsaliti mume wako, na yeye mwenyewe, akimaliza hasira yake, hatakutaka uwe umefanya vinginevyo.